Vioo Vya Zamani na Nguvu za Jua: Kikundi Kifanye Nini?



Hapa Kitisuru nyumba ikibomolewa au kurekebishwa, vioo vya madirisha hutupwa, na chupa tupu ndizo usiseme. Basi watu huuliza: je, vioo hivi haviwezi kutengeneza paneli za sola? Tujibu kabla kikundi hakijatoa pesa za mfuko wake.

Kioo cha paneli si cha kawaida. Hutengenezwa kwa mchanga wenye chuma kidogo sana, ili mwanga upite vizuri, halafu hukazwa kwa moto kisivunjike ovyo. Tazama ukingo wa kioo cha dirisha: ni kijani. Hiyo ni chuma. Chupa nyingi zina rangi hata zaidi.

Ni kweli kioo cha paneli kuukuu hutumika tena. Kule Rousset, Ufaransa, kiwanda cha kazi hiyo kilifunguliwa mwaka 2018. Lakini kuyeyusha kioo kunataka tanuri la digrii 1500 hivi. Jiko la mkaa haliwezi! Mtu akiwaambia mtaunda paneli kwa chupa, msimpe hata shilingi.

Hata hivyo, kioo cha dirisha kinafaa sana kwa kukausha mboga. Mwanga hupita, rangi nyeusi hugeuza mwanga kuwa joto, na kioo hulizuia lisitoroke. Fanyeni hivi:

1. Tengenezeni sanduku la mbao, ndani mpake rangi nyeusi na iachwe ikauke kabisa.
2. Tobueni matundu chini mbele na juu nyuma, hewa ipite. Yazibeni kwa wavu, nzi wasiingie.
3. Wekeni trei ya wavu safi ndani, kisha kioo juu, kikiinama kidogo ili maji ya mvua yateremke.
4. Kingo za kioo zisuguliwe na fundi wa vioo. Watoto wakae mbali.

Kunde au sukuma wiki zikatwe nyembamba, zikaushwe mpaka zivunjike mkononi. Mwezi wa saba, jua likiwa hafifu, msitarajie mengi.

Na paneli iliyopasuka? Msiifungue wala kuikata. Juani bado hutoa umeme, na ndani huenda kuna risasi. Ipelekwe kwa wanaopokea takataka za umeme, kama WEEE Centre hapa Nairobi. Chupa nazo zitengwe kwa rangi, na kabla ya kulipia gari, mpate kwanza mnunuzi na bei yake.

Kwa hiyo, pesa za kikundi zinunue mbao na wavu. Kioo mnacho tayari.