Je, Wajua? Doa Sugu kwenye Siti ya Gari

Je, wajua kuwa doa la mwaka jana kwenye siti ya gari si kitu kilekile kilichomwagika siku ile? Mafuta yamevuta hewa yakawa magumu, sukari imeiva kwa joto la jua, damu imeganda na kushikana na nyuzi. Anayelivamia kwa ndoo ya maji na sabuni ya unga anaosha kitu ambacho hakipo tena. Uliza kwanza lilikuwa nini na limekaa muda gani, ndipo uulize dawa.

Je, wajua kuwa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 na unaoongoza nchini Tanzania kwa pamba, unasafiri juu ya siti ambazo kwa kawaida hazina pamba? Kitambaa cha Probox, Noah na Hiace nyingi ni poliesta, uzi uliogunduliwa Uingereza mwaka 1941 na wakemia Whinfield na Dickson. Poliesta hainywi maji ila inapenda mafuta. Ukimwaga soda, sehemu kubwa inapenya kitambaa na kuzama kwenye sponji. Ukidondosha mafuta, yanabaki kwenye uzi na kung'ang'ania. Sponji nayo ni poliurethani, kazi iliyoanzia kwa Mjerumani Otto Bayer mwaka 1937, na ndiyo mficha maovu mkubwa wa gari lolote.

Je, wajua kwa nini doa la mafuta ya pamba ni bishi? Pamba ikishachambuliwa, mbegu hukamuliwa na mashudu huenda kwa ng'ombe. Mafuta yake, kama yale ya alizeti, yamo kwenye kundi linalokauka nusunusu: yakiachwa hewani hunyonya oksijeni na chembe zake hufungamana zenyewe kwa zenyewe. Wachoraji wa Ulaya wamechanganya rangi na mafuta ya kitani kwa karne nyingi kwa sababu hiyohiyo, maana ya kitani hukauka kabisa. Sasa chukua kidumu kilichovuja kwenye siti ya nyuma mwezi Juni, msimu wa pamba, kisha likaguswe doa Desemba. Kidole kinakutana na kitu cha kunata, cha njano iliyokolea, ndugu wa vanishi. Kama mafuta yalikuwa ghafi, yana pia gosipoli, rangi ya asili ya mbegu ya pamba, ambayo ni sumu na ni sababu mojawapo ya mafuta hayo kusafishwa kabla ya kupikiwa. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo bila kuichanganya na maji, sugua taratibu kwa mswaki uliochoka, funika kwa kitambaa chenye uvuguvugu, kandamiza, rudia. Litapauka. Kuisha kabisa, usiahidi mwenye gari.

Mafuta mabichi, yaani ya leo, ni habari nyingine. Wajua kuwa chaki zinazotengenezwa Maswa na vijana wa huko, zilizokusudiwa ubao wa shule, zinaweza kuokoa siti? Saga kipande, nyunyiza unga wake juu ya mafuta, acha kwa saa kadhaa, kung'uta. Unga wa sembe nao unafaa. Kwa doa la miezi, vyote viwili ni kupoteza muda.

Je, wajua kuwa tope la mbugani halitakiwi kuguswa likiwa bichi? Udongo mweusi wa Simiyu, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kugeuka ulimbo masika, ni mfinyanzi wenye chembe ndogo kuliko milimita 0.002. Uzi wa poliesta wa siti ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Ukisugua tope bichi unazisukuma chembe hizo katikati ya nyuzi, na hakuna brashi itakayozifikia tena. Mfinyanzi huu huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka; ukiuacha ukauke unajinyofoa wenyewe. Kwa hiyo subiri. Piga mgongo wa siti kwa kiganja, brashi kavu, vakyumu kama ipo, na kitambaa chenye unyevu kije mwisho kabisa. Lami ya Lamadi, Bariadi, Maswa hadi Mwigumbi imepunguza kazi hii kwa wanaopita njia kuu tu. Michomoko, yaani magari madogo ya abiria, inayochepuka kwenda vijiji vya Itilima na Meatu bado inarudi na nyayo za watoto nyuma ya siti ya dereva.

Na wajua kuwa weusi wa udongo huo haumaanishi una mboji nyingi? Mara nyingi mboji yake ni kidogo sana. Imefungamana na mfinyanzi na kuupaka wote rangi.

Je, wajua kuwa doa linaweza kurudi bila mtu kumwaga chochote? Siti imeoshwa asubuhi, jioni inang'aa, konda anamwambia abiria, "Mayu, usikae hapo, kumeloa." Kesho yake duara la kahawia limekaa palepale, na lawama zote zinamwangukia kijana wa kuosha magari. Kilichotokea ni kwamba maji yalishuka kwenye sponji yakayeyusha uchafu wa miaka, kisha siti ilipoanza kukaukia juu, maji yakapanda na nyuzi kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari, yakabeba uchafu mpaka juu na kuuacha hapo yalipogeuka mvuke. Mafundi wazuri wanalijua hili na wanatumia povu zaidi ya maji. Ukiwa umeshalowesha, tandika taulo nyeupe kavu iliyokunjwa mara mbili, iweke chini ya kidumu cha lita 20 kilichojaa, iache usiku kucha. Uchafu utapanda kama kawaida, ila utamalizia safari kwenye taulo. Asubuhi ifunue uone rangi yake. Ndipo utakapojua umekuwa ukikalia nini.

Sabuni isiyosuuzwa nayo inanata na kukamata vumbi. Siti iliyooshwa kwa sabuni nyingi huchafuka haraka kuliko ambayo haijaoshwa.

Je, wajua kuwa maji yenyewe yanaweza kuwa doa? Sehemu kubwa ya Simiyu ni kame, na maji ya visima vingi yana chumvi na madini. Kalisiamu na magnesiamu vikikutana na sabuni ya mche hufanya utando mweupe unaobaki kwenye kitambaa cheusi. Maji ya mvua hayana tabu hiyo. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliuidhinisha mwaka 2017, umekusudiwa mambo mazito kuliko kuosha Noah, lakini mwosha magari naye atafaidi.

Damu, maziwa, yai: maji baridi. Wajua kwa nini? Vyote vina protini, na protini nyingi zikipata joto huganda kama yai kwenye kikaango. Anayemwaga maji ya moto juu ya doa la damu amelipika. Damu iliyokwisha kauka hulainishwa kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, kisha ile dawa ya vidonda inayotoa povu, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, iliyogunduliwa na Mfaransa Thénard mwaka 1818. Ijaribu kwanza chini ya siti, maana hupausha baadhi ya rangi.

Je, wajua kuwa mate ni dawa ya doa la uji? Yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na mwaka 2018 watafiti wa Ureno walipewa Tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kupima jinsi mate yanavyosafisha vitu vya kale. Kwa doa dogo yanatosha. Kwa siti nzima nunua sabuni ya unga yenye vimeng'enya, wazo lililopewa hataza na Mjerumani Otto Röhm mwaka 1913, na itumie kwa maji ya uvuguvugu. Ya moto huviua.

Je, wajua kuwa sabuni ya mche hulikoleza doa la chai? Jaribu nyumbani: kamulia ndimu kwenye chai ya rangi, itapauka; tia chembe ya magadi, itakuwa nyeusi tititi. Sabuni ya mche iko upande wa magadi. Doa la chai lataka siki iliyozimuliwa kwa maji. Ikiwa ni chai ya maziwa, anza na maji baridi kwa ajili ya maziwa, siki ifuate.

Soda isiyo na rangi ndiyo yenye hila. Inakauka huoni kitu, mwenye gari anasahau, na baada ya wiki kadhaa za gari kushinda juani Bariadi, sukari inageuka kahawia. Hapo mtu anaapa hakuna aliyemwaga kitu.

Utomvu wa mgomba? Ukikauka umekauka. Tandika gunia kabla ya kupakia mkungu.

Je, wajua kuwa harufu ya samaki ni kazi ya ndimu wala si ya manukato? Samaki wa Lamadi wakichuruzika kwenye siti, kinachonuka ni amini, kemikali za upande wa magadi zinazopaa hewani. Asidi ya ndimu au siki huzifunga zisipae. Kale kachupa ka kuning'iniza kwenye kioo kanaongeza tu harufu ya pili.

Sasa la hatari. Wajua kuwa jiki juu ya mkojo wa mtoto au wa mbuzi inaweza kukupeleka hospitali? Mkojo uliokaa hutoa amonia, na amonia na jiki hutoa gesi ya kloramini inayochoma mapafu, tena ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Jiki na siki au ndimu ni mbaya vilevile: hutoa klorini, gesi iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Mkojo wa zamani osha kwa sabuni ya vimeng'enya, rudia, acha milango wazi. Ukinuka tena siku ya mvua usishangae. Fuwele za asidi ya yuriki kwenye sponji huamshwa na unyevu.

Jiki hiyohiyo hulifanya doa la kutu kuwa baya zaidi (dawa ya kutu ni ndimu na chumvi), na hudhoofisha uzi wa mkanda wa siti. Mkanda uoshe kwa sabuni laini na maji, uuache ukauke ukiwa umevutwa nje.

Petroli? Usithubutu. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Meatu. Hata hivyo, kusafisha kitambaa bila maji si jambo geni: Thomas Jennings, fundi cherehani wa New York, alipata hataza ya njia yake tarehe 3 Machi 1821, na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza anayejulikana kupewa hataza. Fedha zake alizitumia pia kuwakomboa ndugu zake utumwani. Maelezo ya njia yenyewe yaliteketea ofisi ya hataza ilipoungua mwaka 1836.

Wino wa kalamu hutoka kwa spiriti, hata kwa kitakasa mikono kilichobaki tangu korona: gusa kwa pamba, usisugue. Bigijii igandishe kwa barafu kisha ibandue.

Na wajua kuwa siti kava iliyonunuliwa kuficha doa inaweza kuzuia mfuko wa hewa kufunguka? Baadhi ya magari yana mfuko huo ubavuni mwa siti ya mbele. Tafuta kilebo kidogo cha SRS pembeni, upande wa mlango. Kama kipo, usimwage maji hapo, na kava unayonunua iwe imeachwa wazi upande huo.