Kura 15,308 Zilikwenda Wapi?

Novemba 27, 2025, wakazi wa Mbeere Kaskazini walipiga kura kujaza nafasi ya mbunge wao, Geoffrey Ruku, aliyekuwa ameteuliwa waziri. Leo Muthende wa UDA alipata kura 15,802, naye Newton Karish wa DP akapata 15,308. Kura 494 tu. Muthende akaapishwa Nairobi. Zile 15,308 zikaishia kule kule Mbeere, mjini Siakago.

Tumezoea mshindi kubeba vyote. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 90, inataja uwakilishi wa uwiano kupitia orodha za vyama. Mkulima wa muguka kule Evurore akikisoma atadhani kura ya aliyeshindwa huokotwa mahali fulani. Haiokotwi. Viti 12 vya wabunge wateule hugawanywa kwa idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, wala si kura kilizopata. Chama kikishindwa kwa kura 494 katika kila eneobunge, hakiambulii hata kiti kimoja. Afrika Kusini mwaka 2024, ANC ilipata takriban asilimia 40 ya kura, ikapewa viti 159 kati ya 400. Huo ndio uwiano. Wetu ni wa jina.

Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi sita, ya mbunge ikiwa ya kijani. Ya orodha haipo. Majina hupangwa chamani, mwanamume na mwanamke wakipishana, kisha hupelekwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC. Mimi ningedai karatasi ya saba.

Si kwamba orodha haina faida. Cecily Mbarire alikosa tiketi ya Jubilee ya ugavana wa Embu mwaka 2017, akaingia bungeni kwa orodha ya chama hicho hicho. Mwaka 2022 akachaguliwa gavana.

Wanaoumia zaidi ni wagombea huru, na Meru inawapenda. Mwaka 2017 eneobunge la Igembe Kusini huko lilimchagua John Paul Mwirigi, kijana wa miaka 23 asiye na chama. Kiti chake hakikuingia katika hesabu ya orodha yoyote. Miaka mitano baadaye Kawira Mwangaza akashinda ugavana wa Meru vivyo hivyo, bila chama. Bunge la kaunti hiyo lina wawakilishi 69: 45 wa wadi na 24 wa kuteuliwa kwa orodha za vyama. Yeye hakuwa na chama, basi hakuwa na orodha. Agosti 2024, wawakilishi 49 walipiga kura ya kumng'oa.