Kwaresima na Jirani Tusiyemwamkia

Jioni hii twataka kunena machache juu ya Kwaresima, na hasa juu ya sala na upendo, mambo mawili ambayo wengi wetu huyatenga, kana kwamba moja ni la kanisani na la pili ni la barazani.

Tangu Jumatano ya Majivu hata Jumamosi iliyo mbele ya Pasaka ni siku 46. Lakini Jumapili 6 zilizomo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa kufufuka kwake Bwana. Ndipo hubaki siku 40, kwa mfano wa zile alizofunga jangwani. Hesabu hii huwapendeza sana wanafunzi, na sisi walimu pia. Watu huulizana, "Wewe umeacha nini mwaka huu?" Mmoja ameacha nyama, mwingine sukari, mwingine tumbako. Ni vema. Walakini katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Bwana hakutaja kufunga peke yake. Alinena kwanza juu ya sadaka, kisha sala, kisha kufunga, na mambo hayo matatu ni kama mafiga: ukiondoa moja, chungu chapinduka.

Wakristo wa kale walilifahamu jambo hili. Kiko kitabu kilichoandikwa Rumi katika karne ya 2, kiitwacho Mchungaji, cha mtu aliyeitwa Herma. Chamfundisha mwenye kufunga apige hesabu ya chakula ambacho angalikila siku ile, kisha thamani yake ampe mjane, au yatima, au mhitaji. Tazameni busara yake! Mtu aachaye kitoweo, kisha akaitia fedha yake mfukoni, ameweka akiba tu. Akiba ni njema, lakini tusiiite saumu.

Haya ya chakula ni mepesi. Liko lililo gumu zaidi. Kitabu kingine cha kale, Mafundisho ya Mitume, chaagiza kwamba mtu mwenye ugomvi na mwenziwe asikusanyike na wengine siku ya Bwana mpaka wapatane. Na Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 chamwamuru kasisi asiwakaribishe Mezani watu ambao aona chuki yatawala kati yao. Shina la maagizo hayo ni fundisho la Bwana juu ya mtu aletaye sadaka yake madhabahuni, akakumbuka hapo ya kuwa nduguye ana neno juu yake.

Na hapa hatuna budi kukiri la kwetu. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha waalimu, nyumba yetu ilielekeana na ya mwalimu mwenzetu. Kuku wake waliingia bustanini mwetu wakaumaliza mchicha, nasi tukamwambia maneno makali. Tangu siku ile hatukuamkiana kwa muda wa miezi mitano, na huku kila jioni twawaongoza wanafunzi katika sala!

Kwaresima ilipoingia tulikusudia kumtaja jirani yule kwa jina katika sala zetu. Siku za kwanza, tukisema kweli, yalikuwa mashtaka wala si sala: tulimwomba Mungu amwonyeshe kosa lake. Lakini haiwezekani kumtaja mtu kila jioni bila kumfikiri, wala kumfikiri bila kuona mambo yake. Usiku mwingi tulikuwa tumesikia kikohozi kutoka nyumba ile, tusijali. Sasa tukakumbuka kwamba mkewe yu mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe huteremka kisimani kabla ya kengele ya asubuhi. Ndipo sala yetu ikatugeukia kwa swali: Mwamwombea mgonjwa apone, je, ni nani amchoteaye maji?

Tulipiga hodi, na ndoo mbili mikononi. Alifungua, akatutazama kitambo, akapokea ndoo, akasema "Ahsante," akafunga mlango. Basi. Tulirudi tumechukizwa, maana tulitumaini maneno marefu zaidi. Siku ya tatu akatuuliza habari za darasa. Juma lililofuata akatuambia ya kuwa maneno yetu ya siku ile yalimwuma kwa sababu yalisemwa mbele ya wanafunzi. Na sisi tulikuwa tumesahau kabisa kwamba walikuwapo. Tukamwomba radhi.

Basi atakaye kuanza, na achague jina moja tu, alitaje kila siku, hata akiwa njiani kwenda shambani au sokoni, kwa maneno machache. Asijilazimishe kuona upendo moyoni kwanza. Huo huja nyuma, mara nyingi pamoja na kazi ya mikono. Hatusemi habari za mwenye kupigwa au kudhulumiwa, aambiwe anyamaze. Huyo ana haki ya kusaidiwa. Twasema habari za vinyongo vya kila siku.

Kuku wake, hata hivyo, hawakujua habari za upatanisho, wakazidi kuingia bustanini. Jumamosi iliyotangulia Pasaka, mkewe akiwa amepata nafuu, jirani yetu alikuja na panga na mzigo wa fito, tukajenga ua pamoja hata kengele ya sala ya jioni.