Msikilize mtoto anapocheza na midoli yake

Mwaka 1997 kampuni ya Mattel ya Marekani, watengenezaji wa Barbie, ilimtoa sokoni Becky, rafiki wa Barbie anayetumia kiti cha magurudumu. Haukupita muda, mwanafunzi mmoja wa sekondari mwenye ulemavu akagundua kasoro: kiti cha Becky hakikuenea kwenye lifti ya nyumba ya Barbie. Mgeni amealikwa, lakini ghorofani hafiki.

Leo midoli ni ya kila namna. Barbie alianza mwaka 1959 akiwa mzungu mwembamba. Rafiki yake mweusi, Christie, alikuja 1968, na Barbie mwenyewe akawa mweusi mwaka 1980, kazi ya mbunifu Kitty Black Perkins. Mwaka 2016 wakaja wanene, warefu na wafupi. Mwaka 2019 akaja mwenye mguu wa bandia, na mwingine wa kiti cha magurudumu, safari hii akiwa na kibao cha mteremko cha kuingilia ndani.

Hata hivyo, kuchanganya midoli kapuni ni jambo moja, na mchezo wenyewe ni jambo jingine. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, waliwapa watoto weusi midoli iliyotofautiana rangi tu. Walipoulizwa upi ni mzuri, wengi walichagua mweupe. Hakuna mtoto aliyezaliwa na jibu hilo. Waliliokota kwa watu wazima.

Kwa hiyo mzazi, tega sikio. Nani bibi harusi kila siku, na nani msichana wa kazi? Nani daktari, na nani hupewa tu kazi ya kuonewa huruma? Ukisikia lisilopendeza, usigombe. Kaa chini, omba kucheza, kisha mpe yule asiyechaguliwa kazi ya maana: awe rubani, mwalimu au mwenye nyumba.

Wala si lazima kununua. Mdoli wa vitambaa unaweza kushonwa kwa rangi ya ngozi ya mtoto mwenyewe, ukawekwa nywele za uzi mweusi zilizosukwa kama zake. Na kipande cha boksi kikiegemezwa mlangoni, mdoli wa kiti cha magurudumu ataingia kama wenzake.