Keiji Nakazawa na Hadithi ya Gen

Wajapani huita manga zile hadithi zisimuliwazo kwa picha zilizopangwa katika visanduku, nazo husomwa kutoka kuume kwenda kushoto, kama maandishi ya Kiarabu. Wachoraji wengi hutaka kumchekesha msomaji au kumsisimua. Keiji Nakazawa naye alianza hivyo, walakini sifa yake haikutokana na vichekesho.

Alizaliwa Hiroshima mwaka 1939, mwana wa mchora picha aliyepinga vita akafungwa kwa ajili hiyo. Bomu la atomiki lilipoanguka asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, mtoto huyo wa miaka sita alikuwa amesimama penye ukuta wa shule yake, na ukuta ule ukamkinga na moto. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa katika nyumba yao iliyobomoka na kuteketea. Siku ile ile mama yake alijifungua mtoto wa kike, ambaye naye hakuishi sana.

Baada ya kumaliza shule Nakazawa alifanya kazi ya kuchora mabango, na mwaka 1961 akahamia Tokyo. Huko aliona jinsi watu walivyowaepuka walionusurika na bomu, basi akanyamaza. Kimya hicho kilivunjwa na msiba. Mama yake alipofariki mwaka 1966, maiti ikachomwa kama ilivyo desturi ya nchi ile, mwanawe hakukuta mifupa ya kuzika ila jivu na vipande vidogo vyeupe. Akaamini kuwa mionzi ya bomu imemnyang'anya hata mifupa ya mamaye.

Tangu hapo kalamu yake ilipata shabaha. Mwaka 1973 alianza kutoa Hadashi no Gen, yaani Gen wa Miguu Peku, katika gazeti la wavulana litokalo kila juma. Hata ilipokwisha, ikajaza vitabu kumi. Gen si mtoto wa kulia tu: hupigana, huimba, na hukumbuka fundisho la babaye, kwamba ngano hukanyagwa wakati wa baridi ili mizizi yake ishike vizuri. Wala mwandishi hakulaumu bomu peke yake. Aliwalaumu pia watawala wa Japani waliowaingiza watu vitani, na dhuluma waliyotendewa Wakorea.

Tangu mwaka 1976 watu wa kujitolea waliitafsiri kwa Kiingereza, ikawafikia wachoraji wa ng'ambo, miongoni mwao Art Spiegelman wa Marekani. Nakazawa alifariki Desemba 2012. Mwezi huo huo wakuu wa elimu wa mji wa Matsue waliagiza vitabu vyake vifichwe katika maktaba za shule. Amri hiyo iliondolewa Agosti 2013. Mwaka 2023 Hiroshima yenyewe iliiondoa hadithi hiyo katika mafunzo yake ya amani. Wanaoificha husema kuwa picha zake ni za kutisha kwa watoto. Ni kweli, zinatisha. Lakini aliyeyaona mambo hayo alikuwa mtoto.