Asilimia 95 Mbili za Chanjo

Desemba 2020, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya majaribio ya chanjo mbili za Uviko-19. Kwa Pfizer na BioNTech, kati ya wagonjwa 170, wagonjwa 162 walikuwa wamechomwa sindano ya maji ya chumvi na 8 tu chanjo yenyewe. Kwa Moderna, 185 dhidi ya 11. Ufanisi: asilimia 95 na 94.1. Mipaka ya makadirio: 90.3 hadi 97.6 kwa ya kwanza, 89.3 hadi 96.8 kwa ya pili. Utadhani karani mmoja ndiye aliyepiga hesabu zote.

Sivyo. Moderna walifuata mkabala wa marudio, uliopewa sura yake kamili na mwanatakwimu Jerzy Neyman mwaka 1937. Kwake ufanisi wa kweli ni kama samaki aliyetulia mahali pamoja, na jaribio ni wavu unaorushwa. Ukirusha mara nyingi, mara 95 katika 100 utamnasa. Hiyo ni sifa ya wavu. Kuhusu mrusho huu mmoja Neyman hasemi kitu.

Pfizer walimfuata Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza ambaye andiko lake lilitoka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake. Hapa unaruhusiwa kutamka kile ambacho wengi hudhani takwimu zote husema: kwa data hizi, uwezekano kwamba ufanisi uko ndani ya mipaka ni asilimia 95. Kusema kweli, daktari anayesoma ripoti ya Moderna huisoma hivyo hivyo, Neyman apende asipende.

Ila ruhusa hiyo ina gharama. Lazima uanze na kadirio la awali, kabla data hazijaja, na ndilo lililomfanya mwanatakwimu Ronald Fisher aukatae mkabala huo waziwazi katika kitabu chake cha 1925. Kadirio la awali la nani? Pfizer waliegemeza lao kwenye ufanisi wa asilimia 30, wakalipa uzito mdogo mno: sawa na wagonjwa 1.7. Mbele ya wagonjwa 170 likamezwa, ndiyo maana majibu yakafanana. Wagonjwa wangekuwa watano tu, hao 1.7 wangekuwa robo ya ushahidi wote, na swali la Fisher lingehitaji jibu.