Baada ya Lugha ya Kwanza

Wenzangu wengi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta huuliza, "Sasa nijifunze lugha gani?" Mwaka 2023 nami niliuliza vivyo hivyo. Nilikuwa nimejifunza Python, ile lugha iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, kwa miezi mitatu tu. Nikakimbilia Java, kisha C. Mwisho wa mwaka nilijua mlango wa kwanza wa vitabu vitatu, wala sikuweza kuandika programu hata moja ya kumfaa mtu.

Siku moja mwalimu wa maktaba akaniambia, "Kijana, mashine yako haiwezi kunionyesha nani hawajarudisha vitabu?" Nikaona ni jambo jepesi. Nikarudi kwenye Python, nikaandika programu ya kupokea majina na tarehe, ikaenda vizuri mno; lakini nilipoifunga na kuifungua tena, majina yote yalikuwa yametoweka. Hapo ndipo nilipojua la kujifunza: kuweka habari katika faili.

Halafu nikazipanga tarehe, zikatoka ovyo. Tarehe 05/11/2024 ilitangulia 28/02/2024! Kumbe kompyuta ilizisoma kama maneno, ikilinganisha alama moja moja toka kushoto, na 0 hutangulia 2. Nilipoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, yaani 2024-02-28, zikakaa sawa. Kosa hilo lilinifundisha kuliko kurasa mia.

Kisha wakatokea wanafunzi wawili wa jina moja, mmoja akadaiwa kitabu cha mwenziwe, naye nusura anipige. Ndipo nikatafuta habari za hifadhidata, ambamo kila mtu hupewa namba yake peke yake, nikajifunza SQL kiasi cha haja yangu.

Mabingwa nao hufanya hivyo. Mwaka 2005 Linus Torvalds aliunda Git kwa kuwa chombo walichokitumia watengenezaji wa Linux kutunza kazi yao hakikupatikana tena bure.

Sisemi kwamba C haifai, la! Atakaye kuendesha vyombo vidogo vyenye kumbukumbu haba ataihitaji sana. Lakini wewe unayeuliza, tafuta kwanza mtu mwenye kazi inayomchosha, labda mwenye duka la shule au kiranja wa bweni, ukaifanye mpaka ukwame.

Mwalimu wetu sasa ataka kuyaona majina katika simu yake. Basi juma hili nimeanza kusoma namna kurasa za wavuti zinavyotengenezwa.